Kuzalisha Buldogi Mombasa: Tafuta Baridi Kwanza, Dume Baadaye

Maswali huwa ni yale yale. "Jike wangu ameanza kutoka damu, nimpeleke kwa dume lini?" "Lazima apasuliwe?" "Watoto wanauzwa bei gani?" Ni nadra mtu kuuliza chumba chake kina nyuzi ngapi za joto saa nane mchana mwezi wa Februari, na hilo ndilo litakaloamua kama utabaki na watoto au utabaki na deni.

Mwongozo huu ni wa buldogi wa Kiingereza. Mwenye buldogi wa Kifaransa aufuate karibu wote, ila vipimo vya chakula apunguze kulingana na uzito.

Tujibu swali la pili kwanza, maana ndilo limebeba pesa. Ndiyo, hesabu kwamba atapasuliwa. Zaidi ya uzazi nane katika kila kumi wa mbwa hawa hutolewa kwa kisu. Mtoto ana kichwa na mabega mapana, nyonga ya mama ni nyembamba, na mama mwenyewe hana pumzi ya kusukuma. Ukipanga bajeti kwa kutumaini kwamba wako atazaa mwenyewe, hesabu imeharibika kabla hujaanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Chumba kimoja kidogo chenye sakafu ya vigae na eisii (kiyoyozi) inayoweza kushika nyuzi 24 mchana kutwa. Feni peke yake haitoshi. Mbwa hujipoza kwa kuhema, yaani kwa mate kukauka ulimini, na hewa ya pwani imejaa unyevu kiasi kwamba mate hayakauki upesi. Feni inamrudishia unyevu uleule.
- Vipimajoto viwili vya ukutani (kimoja kitakaa ndani ya kasha la watoto) na kimoja cha kidijitali cha kupimia mwilini kwa njia ya haja kubwa.
- Kasha la kuzalia la mbao au plastiki ngumu, kama mita 1.2 kwa 1.2, lenye ubao wa pembeni kuzunguka ndani, sentimita 10 kutoka sakafuni, ili mama akilala asimbane mtoto ukutani.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na daftari.
- Maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, chupa ndogo yenye chuchu, na sindano zisizo na ncha za mililita 5 na 10.
- Kipira cha kufyonzea kamasi, uzi safi, iodini, mataulo yasiyopungua kumi.
- Watu wawili wa kupokezana usiku kwa wiki tatu. Mtu mmoja hawezi. Wengi hupoteza watoto usiku wa tano au wa sita, yule mmoja anapopitiwa na usingizi.
- Daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ambaye amekwisha kupasua mbwa wa pua fupi, ana mashine ya nusukaputi (dawa ya kulaza) ya gesi na mtungi wa oksijeni, na anapokea simu usiku. Mtafute huyu kabla ya kumtafuta dume.

Na jirani. Mitaa mingi ya Mombasa nyumba zimebanana, na majirani wengi ni Waislamu wanaojitahidi kujiepusha na mate ya mbwa kwa sababu ni najisi. Boma liwe na ukuta, mbwa atembezwe kwa kamba mkononi, na asipitishwe njia ya msikiti watu wanapoelekea sala. Ugomvi na jirani una gharama, ingawa hauandikwi kwenye bajeti.

Hesabu ya pesa

Takwimu hizi ni za mfano tu, za kukuonyesha jinsi ya kupiga hesabu. Badilisha kila moja kwa bei uliyopewa kwa maandishi na daktari wako na duka lako. Tuseme:

- Vipimo vya afya vya jike: 15,000
- Kipimo cha projesteroni (homoni inayoonyesha yai limetoka lini) mara 4, kila kimoja 3,500: 14,000
- Ada ya dume na kuhimilisha (kutia mbegu bila kupandisha): 40,000
- Ultrasaundi na eksirei: 8,000
- Upasuaji wa mchana, uliopangwa: 50,000
- Stima ya eisii: yuniti 8 kwa siku kwa siku 60 ni yuniti 480, kwa shilingi 30 kila moja: 14,400
- Maziwa ya unga na vifaa: 9,000
- Chakula cha mama na watoto: 25,000
- Chanjo na dawa za minyoo, watoto 4 kwa 4,000: 16,000
- Msaidizi wa usiku, siku 21 kwa 1,000: 21,000

Jumla ni 212,400. Ukiuza watoto wanne kwa 70,000 kila mmoja unapata 280,000, na unabaki na 67,600. Akifa mmoja wiki ya kwanza kabla ya chanjo, unabaki na shilingi 1,600 kwa kazi ya miezi minne. Wakifa wawili, umeingia hasara. Na bei ya jike mwenyewe, bei ya eisii na jasho lako hazimo humo.

Kando ya hayo weka akiba ya pili inayolingana na gharama ya upasuaji, usiiguse. Upasuaji wa dharura wa usiku hugharimu zaidi ya ule wa mchana, na mama anaweza kulazwa tena kwa kidonda au ziwa lililovimba. Kama akiba hiyo huna leo, msimu huu mwache jike apite bila dume.

Hatua 1: Pima pumzi ya jike, na ya dume pia

Fanya saa kumi na mbili alfajiri, kabla jua halijashika. Msikilize mbwa akiwa ametulia, halafu mtembeze mchakamchaka kwa dakika 3 kamili, kisha sikiliza tena. Unatafuta mkoromo, mluzi, au sauti ya kama kitu kinapepea kooni. Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa wa asili, wana mfumo wa madaraja 0 hadi 3 unaotumia zoezi hilohilo la dakika 3, huku daktari akisikiliza koo kwa stethoskopu, na mbwa wa daraja la 3 hashauriwi kuzalishwa kabisa.

Nyumbani tumia kanuni nyepesi. Mbwa asiyemaliza dakika 3, au anayesikika kutoka chumba cha pili akiwa amelala tu, au ulimi wake ukageuka rangi ya zambarau, huyo ni wa kufuga. Si wa kuzalisha. Angalia na matundu ya pua: yakiwa ni mistari miwili tu badala ya matundu, kila mtoto atakayempata ana nafasi kubwa ya kurithi hivyo.

Jihadhari na muuzaji anayekwambia dume "alirekebishwa pua, sasa yuko sawa". Upasuaji umerekebisha pua ya baba. Mbegu ni ile ile.

Baada ya pumzi, daktari aangalie nyonga na magoti, macho (kope zinazojikunja kwa ndani, na ile nyama nyekundu inayochomoza pembeni mwa jicho), sauti ya moyo, na uti wa mgongo kwa eksirei. Umri wa kuanza uwe kama miaka miwili, akiwa ameshakomaa na vipimo vyote vimefanyika.

Neno kuhusu rangi. Buldogi wa madoa ya marumaru, wa bluu na wa "rangi adimu" wanauzwa ghali mtandaoni. Rangi ya marumaru haikuwamo katika asili ya mbwa huyu. Iliingizwa kwa kuchanganya, na wazazi wote wawili wakiwa nayo baadhi ya watoto huzaliwa viziwi au vipofu. Bluu huweza kuja na kunyonyoka manyoya. Ukitaka kuzalisha rangi, fuga njiwa.

Hatua 2: Damu ipimwe

Vipimo viwili usivikwepe. Cha kwanza ni brusela, kwa jike na dume, maana huua mimba na huambukiza binadamu pia. Cha pili ni homa za kupe. Pwani kupe wa kahawia yupo mwaka mzima, na ugonjwa wa erlikia anaoueneza hushusha chembe za damu zinazogandisha. Mbwa anaweza kuonekana mzima, anakula, anacheza, kumbe chembe hizo zimeisha. Utalijua hilo akiwa mezani tumbo liko wazi na damu haikatiki. Pima kabla ya kumpandisha, na uombe hesabu ya chembe irudiwe wiki moja kabla ya upasuaji.

Minyoo, chanjo zote na kinga ya minyoo ya moyo inayoletwa na mbu ziwe zimekamilika kabla ya dume.

Hatua 3: Chagua majira

Mimba ni kama siku 63 tangu yai kutoka. Panga kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuzaa. Unataka watoto wazaliwe wakati wa kusi na kipupwe, Juni hadi Septemba, kwa hiyo jike apandwe kati ya Aprili na Julai. Akihitaji dume Desemba au Januari, tumbo litakuwa zito katikati ya joto la kaskazi, Februari na Machi, na huo ni wakati mbaya kuliko yote katika mwaka. Mruke. Atahitaji tena baada ya miezi sita hadi kumi.

Hatua 4: Pata siku ya yai, usibahatishe

"Siku ya kumi na mbili" ni mapokeo. Wapo majike wanaoachia yai siku ya 8 na wapo wa siku ya 20. Anza kupima projesteroni siku ya 5 au 6 tangu damu ya kwanza, kisha kila baada ya siku 2. Ikifika karibu 5 kwa kipimo cha nanogramu kwa mililita, yai limetoka. Mbegu mbichi ziingie siku 2 baadaye, na tena siku ya 4. Andika tarehe hiyo ya yai kwa wino mzito, kwa sababu ndiyo itakayopanga siku ya upasuaji.

Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza ni vizio. Maabara nyingine huandika nanomoli kwa lita, na nanogramu 1 ni sawa na nanomoli 3.18. Mtu husoma 16, akadhani yai limepitwa siku nyingi, kumbe 16 hiyo ni ile 5 aliyokuwa akiisubiri. Soma kizio kabla ya kusoma namba. La pili ni chupa ya damu: itumike ya kawaida, isiyo na jeli ndani, kwa sababu jeli hunyonya homoni na kushusha jibu. Tumia maabara moja tangu mwanzo hadi mwisho, na sampuli isafiri ndani ya kisanduku chenye barafu.

Kupandana kwenyewe ni kazi nzito kwa wanyama wazito wasio na pumzi, hivyo wengi huhimilisha kwa mkono wa daktari. Wanaojaribu njia ya asili wafanye alfajiri ndani ya chumba cha baridi, na wakatize jaribio dume akianza kukoroma. Madume hufia juu ya jike kwa joto. Si mzaha.

Hatua 5: Mimba

Ultrasaundi siku ya 28 hivi kujua kama ipo. Eksirei baada ya siku ya 55 kuhesabu vichwa, ili siku ya kupasua daktari ajue anatafuta wangapi.

Chakula kisiongezwe wiki nne za mwanzo. Kuanzia wiki ya 5 mhamishe polepole kwenye chakula cha watoto wa mbwa, umgawie mara tatu au nne kwa siku, ukiongeza hadi robo au nusu zaidi ya kawaida yake. Tumbo likijaa watoto halina nafasi ya bakuli moja kubwa. Usimpe vidonge vya kalshiamu wala unga wa mifupa. Mwili ukizoea kupewa husahau kuitoa mifupani, na wiki chache baada ya kuzaa mama anaanguka kwa degedege.

Matembezi ni ya alfajiri na baada ya magharibi. Mikunjo ya uso na ule mfuko chini ya mkia ifutwe kila siku kwa kitambaa chenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) hafifu, halafu ikaushwe kabisa. Kukausha ndiko watu husahau. Maji ya kisima yenye chumvi hukausha ngozi ikapasuka, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, hata kama ni ya mtungi wa kununua. Na habari ya kwenda kuogelea ufukweni iishe: kifua kizito na miguu mifupi, buldogi huzama kama jiwe.

Hatua 6: Panga upasuaji mapema

Tarehe ni siku ya 63 tangu yai kutoka, na asubuhi hiyo projesteroni ipimwe tena. Ikiwa imeshuka chini ya nanogramu 2, watoto wamekomaa. Ikiwa bado iko juu na mama ametulia, subiri na urudie kupima kesho. Watoto waliotolewa siku mbili mapema mapafu yao hayajaiva, na hakuna chupa ya maziwa itakayorekebisha hilo.

Kuanzia siku ya 57 pima joto la mwili asubuhi, mchana na usiku. Kawaida huwa juu ya 38. Likishuka chini ya 37.2, uchungu uko ndani ya saa 24, hata kama tarehe yako bado. Piga simu.

Muulize daktari maswali haya ana kwa ana, wiki mbili kabla:

- Nusukaputi gani? Jibu unalotaka ni sindano fupi ya kulaza kisha gesi. Zailazini, ile dawa inayotumika sana kulaza ng'ombe na mbwa, imehusishwa na vifo vingi vya watoto katika upasuaji wa namna hii. Ikitajwa, tafuta daktari mwingine.
- Atapewa oksijeni dakika chache kabla ya kulazwa?
- Mpira wa kupumulia unaoingizwa kooni utatolewa lini? Kwa buldogi hubaki mpaka mbwa ameamka kweli na anautafuna.
- Nani atapokea watoto? Mtu mmoja kwa kila watoto wawili.

Suala la njia. Kama unaishi Likoni au Diani na daktari yuko Nyali, usitegemee feri jike akiwa na uchungu. Foleni ya usiku haijui buldogi. Siku tatu kabla ya tarehe mhamishie jike kwa ndugu au rafiki aliye upande wa kliniki, mwenye chumba cha baridi. Anayetoka Changamwe au Mikindani apange kupita kabla magari hayajajaa barabarani.

Hatua 7: Siku yenyewe

Mama asile asubuhi hiyo, na saa za kufunga daktari atakupangia. Gari liwe na eisii iliyowashwa dakika kumi kabla hajapanda. Beba kasha dogo lenye chupa za maji moto zilizozungushiwa taulo. Hapo utagundua shida ya kazi hii yote: gari moja, mama anataka nyuzi 24 na watoto wanataka 30 na zaidi.

Mtoto akikabidhiwa kwako, fungua kifuko usoni, fyonza kamasi mdomoni kwanza kisha puani, na umsugue kwa taulo kavu mgongoni na mbavuni mpaka alie. Usimrushe hewani kumtikisa kamasi, ubongo hujeruhiwa. Funga kitovu kwa uzi sentimita 1 au 2 kutoka tumboni, kata, paka iodini. Ingiza kidole safi mdomoni upapase kaakaa: ufa ukiwepo, maziwa yatapitia puani hadi mapafuni, na daktari aamue palepale. Angalia pia aliyevimba maji mwili mzima. Huyo hutokea kwa buldogi, na aliyevimba sana haishi. Mpime uzito, andika.

Mama alazwe kifudifudi, kichwa kimeinuliwa, mtu amkae ubavuni. Usiondoke kliniki mpaka asimame mwenyewe.

Hatua 8: Wiki tatu za kutolala

Chumba nyuzi 24 au 25 kwa ajili ya mama. Kona moja ya kasha la watoto nyuzi 30 hadi 32 wiki ya kwanza, kwa chupa ya maji moto au mkeka wa umeme, na kipimajoto kiwe sakafuni mwa kasha, pale mtoto alipolala. Kila wiki punguza nyuzi 2 hivi. Kona nyingine iachwe baridi kidogo ili mtoto aliyezidiwa ajivute.

Buldogi si mama mwepesi. Hulala kwa kujitupa, na mtoto wa gramu 300 chini yake hasikiki. Basi watoto wakae kwenye kasha lao, wapelekwe kunyonya kila saa 2 hadi 3, usiku na mchana, mtu akiwa ameketi pale. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, lazima wayapate ndani ya saa 24. Aliyepasuliwa huweza kuwashangaa watoto kwa kuwa hakuwahisi wakitoka. Wapake maziwa yake mwenyewe mgongoni, awarambe.

Kabla na baada ya kunyonya, sugua chini ya tumbo kwa pamba yenye maji vuguvugu ili wakojoe na kunya, iwapo mama hawarambi.

Pima uzito kila siku saa ile ile. Kupungua kidogo siku ya kwanza si neno. Baada ya hapo aongezeke asilimia 5 hadi 10 kwa siku. Asiyeongezeka siku mbili mfululizo anahitaji chupa leo, hata kama anaonekana ananyonya.

Kwa chupa, mtoto wa gramu 300 anahitaji kama mililita 45 hadi 60 kwa siku, yaani 5 hadi 8 kila mlo kwa milo minane au tisa. Alale kifudifudi, shingo imenyooka kama anavyonyonya kwa mama. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni. Maziwa ya ng'ombe matupu humharisha.

Sakafu ya kasha isiteleze. Weka zulia lenye vinyweleo au mkeka wa mpira wenye mikwaruzo. Gazeti tupu juu ya plastiki humfanya mtoto mzito atambae kama kobe, miguu imetanuka pembeni na kifua kimebapa.

Matandiko yakifuliwa yapigwe pasi pande zote mbili kabla ya kurudi kwenye kasha. Inzi wa embe hutaga kwenye nguo zinazoanikwa kivulini, na mabuu yake huingia kwenye ngozi laini ya watoto.

Hatua 9: Wiki ya nne hadi kuuza

Hapa kazi hupungua. Anza uji wa chakula cha watoto wa mbwa uliolainishwa kwa maji ya vuguvugu wiki ya tatu au nne. Dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8, na mama anywe naye. Chanjo ya kwanza kati ya wiki ya 6 na 8, kisha kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu. Mtoto asitoke kabla ya wiki 8.

Kama wazazi wamesajiliwa, andikisha watoto kwa East African Kennel Club. Mnunuzi apewe kadi ya chanjo, aambiwe kuhusu eisii kabla hajalipa, na mkataba useme mtoto akimshinda anarudi kwako. Wanaokwenda Nairobi wasafiri usiku. Ni karibu kilomita 480, na mchana ule wa Mackinnon Road na Voi haufai kwa pua fupi.

Mambo yakienda kombo

*Stima imepotea.* Watoto hawana neno, chumba cha Mombasa kikipanda hadi 30 wao wanastarehe. Ondoa chupa ya moto kwenye kasha. Mama ndiye mwenye hatari: mwagia vigae maji, weka feni ya betri, na chupa za maji yaliyoganda zilizofungwa kitambaa alalie. Kwa hiyo friza iwe na chupa sita wakati wote.

*Mama anahema kwa kelele, mate mazito, ulimi wa zambarau, anayumba.* Ni joto limempanda. Mpoze kwanza, safari baadaye. Mmwagie maji ya bomba mwili mzima na upepee kwa nguvu, ukipima joto. Likifika 39.5 acha kumwagia, mpeleke. Usimfunike taulo bichi, linafungia joto ndani.

*Ute wa kijani umetoka na hakuna mtoto aliyezaliwa.* Kondo limeachia. Nenda sasa hivi. Vivyo hivyo akisukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kitu. Mtu asimchome oksitosini, dawa ya kuchochea uchungu, nyumbani "kumsaidia": mtoto akiwa amekwama, kizazi hupasuka.

*Mtoto amepoa na hanyonyi.* Usimlishe. Tumbo la mtoto wa chini ya nyuzi 34.5 halisagi, maziwa yatachachia humo. Mweke kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, mpandishe joto polepole kwa saa moja au mbili, kisha maziwa.

*Mama anatetemeka, anatembea kama mlevi, wiki mbili au tatu baada ya kuzaa.* Kalshiamu imemwishia. Ondoa watoto wote ziwani, wape chupa, na mama apelekwe kwa daktari achomwe mshipani saa hiyo hiyo.

*Ziwa moja limekuwa gumu, jekundu, la moto.* Limeingia uchafu. Kanda kwa kitambaa cha vuguvugu, watoto wasinyonye hilo, na dawa itoke kwa daktari.

*Jipu dogo lenye tundu katikati kwenye ngozi ya mtoto.* Ni buu la inzi wa embe. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka, buu likose hewa lijitokeze, kisha litolewe kwa kibanio. Ukilikamua likapasukia ndani, mtoto huvimba.

*Kupe wamejaa kwa watoto.* Watoe kwa kibanio mmoja mmoja. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya amitrazi, hata ikipunguzwa kwa maji, huua mtoto wa mbwa. Mama na sakafu ndio watibiwe, kwa dawa ambayo daktari amekubali kwa mbwa anayenyonyesha.

*Miguu imetanuka kama kobe, wiki ya pili.* Badilisha sakafu leo, mlaze ubavu mara kwa mara, na daktari akuonyeshe kuifunga miguu ya nyuma kwa bandeji laini. Wakianza mapema wengi husimama wiki ya nne au tano.

*Jike amepasuliwa mara mbili, dume bado anatafutwa.* Kennel Club ya Uingereza haisajili tena watoto wa jike aliyekwisha kupasuliwa mara mbili. Kizazi kimeshonwa mara mbili na makovu hushikamana. Unapopanga upasuaji wa pili, zungumza na daktari amfunge kizazi.